Risasi Iliyoingia

Bunduki ninayo, ya kibali, polisi wanaijua. Aliniachia marehemu baba. Ilikuwa ya jeshi la wakoloni, wakaichoka, wakaiuza kama mtu anavyouza baiskeli kuukuu. Baba alikuwa mtu wa usafi. Kwetu chombo kisichong'aa hakijaoshwa. Sufuria tunasugua kwa majivu na mchanga mpaka uone meno yako. Basi na bunduki aliisugua hivyo hivyo kila Jumamosi Kuu, mtutu na vyuma vyote, ili Pasaka iikute safi. Padre alikuwa akimcheka, lakini hiyo habari nyingine. Ninachosema, zile alama zilizochongwa kwenye chuma, za kuonyesha inakula risasi gani, zilisuguliwa zikafutika. Yeye alizijua risasi zake kwa macho. Alipokufa, macho yale alikwenda nayo.

Mwaka huu nguruwe pori wakaingia kwenye mahindi ya mdogo wangu wa kike, njia ya Namtumbo. Mumewe, Myao wa Tunduru, alipiga madebe, akawasha moto, wapi. Mwisho akapanda bodaboda mpaka kwangu Mjimwema na kitambaa mkononi.

"Shikamoo mlamu," akasema; ndivyo tunavyoitana mashemeji.

"Marahaba. Umebeba nini?"

Akafungua kitambaa. Risasi, za shaba, zinang'aa kama pete.

"Umezitoa wapi?"

"Kwa watu. Nyinyi Wangoni mmezoea mikuki, bunduki mmeigeuza mchi. Lete hapa."

Nikaweka moja. Ikaingia bila kelele.

"Alhamdulillahi! Si umeona? Imeingia."

"Hata mguu wa mke wangu unaingia kwenye viatu vyangu," nikamwambia. "Mwambie akimbie navyo."

Akacheka, lakini kitambaa hakukifunga. Nikaitoa ile risasi, tukafunga bunduki kwa gunia, tukaenda kwake. Njia nzima nilikuwa nafikiria kopo la sindano la mdogo wangu. Baba alikuwa anaweka ugoro kwenye ganda la risasi lililokwisha kupigwa, ameliziba kwa kipande cha gunzi. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, mimi nikapewa bunduki, yeye akachukua lile ganda, akatia sindano zake. Ndilo peke yake lililobaki kati ya yale bunduki ile ilikuwa inakula.

Tulipofika, mdogo wangu akamwaga sindano kwenye khanga. Nikageuza kinu, nikasimamisha ganda na risasi juu ya kitako chake, bega kwa bega. Ganda la baba lilikuwa refu kuliko ganda la ile risasi. Si sana, labda kama unene wa ukucha.

"Shaba ikipigwa hutanuka," shemeji akasema. "Hiyo imeshalia, hii bado. Utalinganisha mzee na mtoto?"

Mimi darasa la pili niliacha nikachunge mbuzi. Ninachojua, niliwahi kumwona mtu ambaye risasi isiyo ya bunduki yake ilirudi nyuma. Shavu lilikuwa limekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nikamgusa shemeji chini ya jicho. "Moto utatokea hapa."

Nilidhani mdogo wangu ataniunga mkono. Akaniangalia tu. "Kaka, mahindi yakiisha tutakula macho?"

Nikachomoa komeo la bunduki, chuma ambacho bila hicho hailii, nikalitia mfukoni, nikaibeba bunduki nikaondoka. Shemeji akasema kwa nyuma, "Mlamu anapenda chuma kuliko watu." Dukani mjini, wanakouza risasi kwa kibali, walikataa: haina alama, peleka kwanza ikakaguliwe. Nikaipeleka polisi. Ikalala huko, nguruwe hawakulala. Waliyamaliza.

Juzi mdogo wangu alinipigia simu nikale. Ugali ulikuwa wa unga wa dukani; mkulima ananunua unga. Shemeji akaleta birika na beseni, akaninawisha kama ilivyo heshima. Maji yakamwagika mikononi mwangu, nami nikamtazama usoni. Macho mawili, mazima, yanaangalia pembeni.

Nilitaka kumwambia ona, bado unaona. Lakini jicho lisilopasuka halitoi ushahidi. Pengine ile risasi ingemwua nguruwe vizuri tu, na leo mahindi yangekuwa darini. Sijui, na hapana atakayejua. Nikakata tonge.