Nilipofanywa Kuwa Bibi Yangu

Harufu ya ugoro inanikasirisha hadi leo. Nikipita sokoni mahali wazee wanapouza tumbaku, ile harufu ya majani yaliyosagwa na magadi hunipanda puani, na papo hapo narudi kijijini Ntalikwa, kwenye uwanja wa Babu, nikiwa na miaka tisa. Nimeketishwa juu ya kigoda cha marehemu, nimeshikishwa kikopo cha ugoro cha marehemu, na watu wazima wamenizunguka, macho yamewatoka, wanangoja nipige chafya kama marehemu. Marehemu alikuwa Nyamizi, bibi yangu mzaa baba, aliyefariki kiangazi kile, enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa somo wake, maana nilipewa jina lake siku nilipozaliwa. Kanisani niliitwa Skolastika, shuleni vilevile, na nilidhani lile jina la nyumbani halina madhara kwa mtu yeyote.

Kwetu Unyamwezini, mtoto aliyepewa jina la mtu huchukuliwa kana kwamba ndiye mtu huyo, na mwenye jina akiwa hai huo ni utani mtamu sana. Bibi akiniona natokea Chemchem, tulikoishi mjini Tabora, alikuwa akipiga kelele, "Mimi huyo nimefika! Nipeni maji ya kunywa!" Babu aliniita mke mdogo, Bibi akajifanya ana wivu, nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na nalisema hili mapema ili mtu asidhani kwamba hasira zangu zilikuwa juu yake. Alipozikwa, ndugu walianza kubishana jinsi ya kumkumbuka. Mmoja alitaka msalaba wa saruji, mwingine alitaka shamba lake la karanga lisilimwe tena. Shangazi Veronika, dada yake baba, ambaye neno lake halikupingwa na mtu, aliwanyamazisha wote. "Saruji inaitikia shikamoo?" aliuliza. "Mama hajaenda mbali. Huyo hapo, anakula ugali." Kisha akaninyooshea kidole. Baba alirudi Tabora kwenye kazi yake ya reli, mimi nikaachwa Ntalikwa kwa siku chache tu, kama walivyosema.

Siku chache zikawa kiangazi kizima. Asubuhi Shangazi, mwanamke wa makamo mwenye wajukuu, alipiga goti mbele yangu na kusema, "Shikamoo, mama," nami sharti niitikie, "Marahaba, mwanangu," huku watoto wenzangu wakijikunja kwa kicheko nyuma ya ghala. Nilipewa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa sababu Bibi aliyapenda. Mimi siyapendi. Nilipoyasukuma pembeni, Shangazi alinitazama kwa huzuni na kusema, "Mama, siku hizi umekuwa mtu wa kuchagua chakula?" Nilikatazwa kuruka kamba kwa sababu Bibi alikuwa na magoti mabovu. Jirani mmoja, bibi kizee aliyekuwa amenuniana na marehemu kwa sababu ya chungu kilichopasuka, alikuja kuniomba radhi mimi. Alilia kweli, amenishika mikono yote miwili. Nilimwambia nimemsamehe, kwani ningefanya nini? Kesho yake akaja tena kuniambia kwamba, hata hivyo, chungu kile kilikuwa na ufa tangu mwanzo. Nikamjibu kwamba sikijui chungu chake. "Unaona?" akamwambia Shangazi. "Hivyohivyo ndivyo alivyokuwa akinijibu."

Lakini yote hayo yalikuwa nafuu kuliko chakula cha Babu. Babu alikuwa mpagazi ujanani mwake, alibeba mizigo hadi pwani kwa ile njia ya misafara inayopita nyuma ya shamba, na Bibi alitembea nyuma yake na vyungu kichwani, akimgombeza, kwa mujibu wa Babu mwenyewe, kutoka Tabora mpaka bahari ilipoanza. Sasa alikuwa amekonda hadi shingo ikawa nyembamba kama yangu. Hakugusa chakula mpaka mimi niketi kwenye kigoda, nionje mboga, nimmegee tonge la kwanza na kumtilia mkononi. Nikienda kuteka maji nikachelewa, anakaa na njaa. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinichosha kuliko kutwanga. Zaidi ya yote, sikuruhusiwa kulia. Kila aliyekuja alimlilia Bibi hadi akatosheka, lakini mimi machozi yaliponilengalenga Shangazi aliyafuta upesi kwa ncha ya kanga na kusema, "Wewe unamlilia nani? Mtu hajililii mwenyewe." Basi nikabaki na kilio changu kifuani, huku nimekalia kigoda cha mtu ambaye nilimtaka arudi aje akikalie mwenyewe.

Shule ilikuwa imefunguliwa zamani. Nilikuwa darasa la pili, nilikuwa najua kusoma, na usiku nilijisomea kimoyomoyo maneno niliyoyakumbuka ili yasinitoroke. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, baba alikuja kwa baiskeli, matope mpaka magotini. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba nisiporudi wiki ile, nafasi yangu angepewa mtoto mwingine. Alilisema hilo uwanjani, wakati wa chakula cha mchana, huku akimtazama dada yake kwa woga. Shangazi alikataa katakata. "Mama akiondoka, Baba atakufa. Unataka tuzike wawili mwaka mmoja?" Babu alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja, anangoja tonge lake. Na baba yangu, mtu mzima, mfanyakazi wa reli, badala ya kuamua, akanigeukia, akaniuliza kwa adabu, "Mama, wewe unasemaje?"

Hapo yalinifika shingoni. Nilisimama, kigoda kikaanguka.

"Nasema nimechoka!" nikapiga kelele. "Nimechoka na ugoro, nimechoka na matobolwa, nimechoka na nyinyi nyote! Na wewe, mzee mzima, unalishwa kama kifaranga? Mikono unayo! Ugali uko mbele yako, kula! Unakaa na njaa ili nani akuhurumie? Mimi naondoka, na nikirudi nikute umenenepa!"

Shangazi alijiziba mdomo kwa kanga. Nilijua nitachapwa, nikatafuta kwa macho fimbo itatoka upande gani. Babu alinitazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alinawa mikono, akamega tonge kubwa, akalichovya kwenye mboga, akala. Akamega jingine.

"Mmemsikia wenyewe," alisema mdomo ukiwa umejaa. "Miezi yote hii mmeniletea mtoto mpole, nikawa simwoni mke wangu. Leo nimemsikia. Tangu njia ya pwani, mwanamke huyo akisema hivyo, mimi sibishi. Veronika, mfungie mwenzio nguo zake."

Nilikaa nyuma ya baiskeli ya baba, nimekumbatia kifurushi changu. Tulipofika mahali ambapo nyumba ya Babu haionekani tena, nilianza kulia, nikamlilia Bibi kwa sauti yangu yote hadi tukaingia Chemchem, na baba hakunikataza wala hakugeuka nyuma.

Siku hizi kumkumbuka mtu kumekuwa rahisi. Kwenye misiba naona fulana zilizochapwa sura ya marehemu, naona makaburi ya vigae yanayong'aa kuliko nyumba walizoishi waliomo ndani, na picha zao zinazunguka kwenye simu za watu mpaka matanga yaanuliwe. Sizilaumu. Juzi binti yangu alikuja na simu yake kuniuliza ni picha yangu ipi naipenda, akajikanyagakanyaga asiseme ni ya kazi gani, nami nikamfukuza. Kitukuu changu, aliyepewa jina langu, alikuwa sakafuni anachora. Mtoto huyo ana miaka saba, nami kila asubuhi humwamkia, "Shikamoo, bibi," kwa sababu uzee hauna michezo mingi. Aliinua kichwa akaniona nimekikumbatia kikombe changu, nimezama katika mawazo.

"Mimi si bibi yako, nimeshakwambia!" akafoka. "Na huo uji unakaa unautazama wa nini? Kunywa, unapoa!"

Nikaunywa wote.