Nafasi ya Ukutani

Mgongo wangu ni mbovu. Naanza na hilo kwa sababu bila mgongo hakuna habari ya kusimulia hapa. Niliuharibu ujanani kwa kubeba magunia ya mahindi, na daktari akaniambia nisiiname tena. Nikamuuliza, sasa nitalimaje? Akasema hata kulima usilime. Mke wangu aliposikia akasema huyo daktari nimemhonga kuku. Sikumhonga. Kuku mwenyewe wakati huo sina.

Basi mtu mwenye mgongo wa namna hii anahitaji kuegemea, na pale Majengo, kwenye baraza la mama mmoja fundi cherehani, pana benchi. Ni benchi refu, watu wazima wanakaa hata sita wakibanana, lakini ukuta wa kuegemea uko upande mmoja tu, nafasi ya mtu mmoja. Sehemu nyingine yote nyuma yake zimetundikwa nguo za wateja, magauni ya harusi na sare za kwaya. Ukiegemea pale, mama fundi anakupiga begani na rula ya kupimia. Hana cha mzee hana cha kijana. Ni Myao wa Tunduru yule, mwanamke wa swala tano, na rula yake haikosei.

Benchi lile ni la mpira. Habari za mchezaji wa juzi hatuzitaki, hizo waachie watoto na simu zao. Sisi ni wa zamani. Mtu anakaa, anakohoa, anaanza: mnamkumbuka yule golikipa aliyekuwa akipigiwa penalti anamwuliza mpigaji habari za mama yake? Mpigaji anaanza kujibu, mama hajambo, anaumwa miguu kidogo, mara filimbi imelia na yeye bado yuko kwenye miguu ya mama. Huyo ni golikipa wa mama fundi. Anampenda mpaka leo, na akimtaja husimamisha cherehani. Wallahi, husema, mikono ile ingeshika hata mvua.

Mimi wangu ni winga wa kushoto wa timu yetu ya mkoa. Jina lake silitaji. Anayemjua keshamjua, na asiyemjua jina halitamsaidia. Alikuwa na matege. Jamani, nasema matege! Watu walisema mbuzi angepita katikati na mzigo wake. Beki alikuwa hajui akabe mguu upi, maana miguu yenyewe haikuwa inaelekea mahali pamoja.

Sasa benchi lina kanuni, na kanuni aliiweka mama fundi, kwa sababu tulikuwa tunagombania ukuta kama watoto. Alisema: ukutani anakaa mtu ambaye habari yake haijashindwa. Akija shahidi akakuumbua, unahama. Mimi nilikaa pale muda mrefu sana kwa sababu ya goli moja tu. Goli la ushindi, timu kubwa ya pwani ilipokuja na basi lenye mapazia, ikarudi pwani imefunga mapazia. Winga wangu alilifunga kwa mguu wa kushoto, akiwa hewani, amelala kama mtu aliye kitandani. Niliona kwa macho yangu, kutoka juu ya mkaratusi nje ya uwanja. Nilikuwa na jicho moja tu kwa wakati ule, la pili lilikuwa limeingia jani, lakini jicho moja linatosha goli.

Aliyekuwa anautaka ukuta wangu ni mtani wangu, Mbena, dereva mstaafu wa serikali aliyeletwa Songea na gari la ofisi akasahau kurudi kwao. Yeye alisema goli lile lilikuwa la kichwa.

"Uliliona wapi?" nilikuwa namuuliza.

"Redioni."

"Umeona redioni! Sikilizeni mtu huyu! Wabena wanaona kwa masikio."

"Mtangazaji ana macho mawili, Mngoni wewe. Wewe ulikuwa na jani."

"Babu yako alikimbia mikuki ya babu yangu mpaka leo jasho halijakauka."

"Hakukimbia. Alikuwa anakwenda kuchukua pombe yake ya ulanzi, babu yako akamfuata aonjeshwe."

Ndivyo tulivyo. Mngoni na Mbena ni watani, na mtani humkasirikii, hata afanye nini. Na huyu amefanya. Mwaka mmoja alipita sokoni akitangaza kwamba nimekufa. Watu wakaja nyumbani na unga na maharage, wanalia. Mimi nilikuwa uani naota jua. Mke wangu alipoona unga ule mwingi akaniambia, baba, ingia ndani kwanza, utulie. Nikatulia. Wakala, wakaimba, ndipo nikatoka kuomba chai. Kuna bibi mmoja wa jumuiya yetu alikimbia, na mpaka leo akinikuta kanisani anakaa benchi la mbali.

Nimesema hayo ili mjue ni kwa nini siku mtani aliponiambia, "Winga wako yuko hapa mjini," sikusimama hata kidogo.

"Yuko wapi?"

"Kwa binti yake, huku huku Majengo. Ametoka Lusewa, analima kule. Kaja kutibiwa macho. Kesho namleta hapa aseme mwenyewe, mguu au kichwa. Anza kuuaga ukuta."

Nikacheka mpaka mgongo ukauma. Mama fundi akauliza, "Na akimleta kweli?"

"Huyu? Ataokota mzee yeyote stendi, amnunulie chai, amfundishe aseme kichwa. Mimi namjua. Huyu alinizika."

Kesho yake, jua likiwa bado halijawa kali, mtani akaja na mzee. Mzee mwenyewe hana unywele hata mmoja, amevaa miwani myeusi ya hospitali na koti kubwa linalofika magotini, na suruali pana ya kitambaa. Winga wangu alikuwa na nywele kichaka. Mara moja nikasema moyoni, huyu kaokotwa stendi.

"Shikamoo, kaka," mzee akaniamkia.

"Marahaba," nikajibu, lakini kwa pua. "Habari za stendi?"

"Stendi?"

"Usijali. Kaa hapo mwisho. Usiegemee nguo za watu."

Akakaa. Mtani amekunja mikono anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonithibitishia. Nikaanza kumhoji kama mzee wa baraza mahakamani.

"Wewe ndiye uliyewafunga wale wa pwani?"

"Ndiyo, mimi."

"Chai umeshakunywa?"

"Nimekunywa, asante, huyu ndugu amenikaribisha."

"Mnaona!" nikawageukia wenzangu. "Chai keshanyweshwa! Haya, sema sasa ulichofundishwa. Goli lile ulifunga kwa nini?"

Mama fundi akasimamisha cherehani. Mtani akasogea mbele. Mzee akajikuna kidevu, akafikiri, akasema:

"Goti."

Mtani tabasamu lilimtoka.

"Goti gani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hili la kulia. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka, nikapandisha goti nifunge. Mpira sikuuona hata ulikotoka. Ukanigonga hapa, nikaanguka. Nilipofumbua macho watu wamenibeba juu juu wanapiga kelele, nikajua basi, nimekufa, wananipeleka kuzika."

Hapo mimi nikapandwa na hasira ya kweli. Mtu kujifanya winga wangu ni sawa, ni utani, lakini kulipaka goli lile goti! Nikasimama, mgongo na yote.

"Mzee mwenzangu, wewe ni mwongo, na hata uongo hujui. Mtani, safari ijayo okota mwenye akili. Sikiliza nikwambie goli lako lilivyokuwa." Nikamwambia lote, toka krosi ilipotoka kulia, jinsi alivyoruka, jinsi alivyolala hewani, mguu wa kushoto, wavu ukatoboka. Nikamwonyesha mpaka kulala, nikakamatwa na kiuno, ikabidi mama fundi aninyooshe. Yule mzee alinisikiliza mdomo wazi, kama mtoto anayehadithiwa habari za sungura.

"Aisee," akasema. "Mimi nilifanya hivyo?"

"Wewe hukufanya! Alifanya yeye! Yeye alikuwa na matege!"

"Matege ninayo," akasema, kwa upole tu.

"Kila mzee anayo! Simama. Kutanisha vifundo vya miguu. Pandisha hilo koti."

Akasimama taratibu, akamkabidhi mtani miwani, akapandisha koti mpaka kiunoni, akaivuta suruali ikabana nyuma, akakutanisha vifundo.

Ndugu zangu. Vifundo vilikutana, lakini magoti yalikuwa hayajuani. Katikati pale nililiona duka la ng'ambo ya barabara, lile la bati na misumari. Nikamwona mwenye duka amekaa anakunywa uji. Nikaona mpaka kikombe. Na nikiwa bado natazama, kuku wa mama fundi akatoka chini ya benchi na vifaranga vyake vyote, akapita katikati ya miguu ile bila haraka, kama anapita getini kwake, na hakuna kifaranga kilichogusa kitambaa.

Nikainua macho kumtazama usoni.

"Shikamoo," nikasema.

"Kaka, si nimeshakuamkia mimi? Wewe ni mkubwa."

"Nirudishie ile. Shikamoo."

"Siwezi kuitikia, kaka, nitapata laana."

"Itikia!" mama fundi akapiga kelele toka kwenye cherehani. "Itikia, mzee wangu, huyu atakufa hapa na mgongo wake, wateja wangu wanakuja kuchukua nguo!"

"Haya, marahaba," akasema, kwa aibu. Mtani alikuwa amekaa chini sakafuni anacheka mpaka machozi, anapiga sakafu kwa kiganja. "Nimeleta ukweli!" anasema. "Maisha yangu yote mara moja tu nimeleta ukweli, na Mngoni kaufukuza!"

Nikamwambia asicheke sana, kichwa chake nacho kimeshindwa. Akainuka sakafuni. Tukatazamana. Wote wawili tukageuza macho ukutani, pale palipokuwa wazi kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama.

Mama fundi akainua rula. Alikuwa na furaha ambayo si nzuri. "Kanuni ni kanuni," akasema. "Mguu umeumbuliwa. Kichwa kimeumbuliwa. Anayebaki ni goti." Akamwelekeza mgeni kwa ile rula. "Karibu ukutani, baba. Pumzika."

Akakaa. Akaegemea. Akatoa pumzi ndefu, ile pumzi naijua, ni yangu ile, na akasema maneno yaliyonikata: "Lo, hapa pazuri. Mgongo wangu ulikuwa unanisumbua."

Nilidhani ni kwa siku moja. Nikajisemea, macho yatapona, atarudi Lusewa, ana shamba. Macho yakapona. Nikamwambia mvua zimeanza, wenzako wanapanda. Akasema ana wajukuu, wanapanda wao. Nikamwambia nguruwe pori watamaliza mahindi. Akasema waache wale, nao ni viumbe. Kila asubuhi anakuja na fimbo yake, anakaa ukutani pangu, na mtu huwezi kumwambia shujaa wako mwenyewe ahame, yule uliyepanda mkaratusi kwa ajili yake.

Na jambo baya zaidi ni hili: hakumbuki kitu. Anakumbuka ugali waliokula kambini, anakumbuka kocha aliyekuwa anaogopa mijusi, lakini magoli yake, ukiacha lile la goti, hayakumbuki. Kwa hiyo anatuuliza sisi. "Hebu nihadithie lile la wale wa Mbeya," ananiambia, nami namhadithia, na akisikia alivyowapiga chenga watatu anatikisa kichwa na kusema, "Nilikuwa hatari, eti?" Naye mama fundi anamhadithia lile la golikipa wake na habari za mama, na siku hizi mzee anasema yule mpigaji penalti aliyepumbazwa alikuwa yeye, ingawa juzi tu alisema hakuwahi kupiga penalti.

Wiki iliyopita alikuja mgeni barazani, mwalimu wa kutoka Kigoma aliyeleta suruali kupunguzwa, akauliza habari ya lile goli la pwani. Mzee akajiweka sawa ukutani. "Krosi ilitoka kulia," akaanza. "Nikaruka. Nikalala hewani hivi. Mguu wa kushoto!"

Nikaruka mimi! Nikasema, mama fundi, umesikia! Shahidi mwenyewe kasema mguu wa kushoto! Rudisha ukuta!

Mama fundi hakuinua hata macho kwenye kitambaa. "Jana alisema kichwa," akasema.

"Jana?"

"Jana mtani wako ndiye aliyemletea kahawa."

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama kikombe chake, ambacho siku ile nilikileta mimi, na kashata juu yake. Hakuona haya hata kidogo. "Kahawa yenu yote ni nzuri," akasema.

Basi ndivyo mambo yalivyo sasa. Mtani naye, kumbe, dereva wa miaka ile yote, mgongo wake umekwisha kama wangu, alikuwa tu hasemi, na ndiyo maana aliutaka ule ukuta. Nguo za wateja hatuwezi kuziegemea. Kwa hiyo tumegundua namna. Tunakaa mwisho wa benchi, yeye miguu yake huku, mimi yangu kule, mgongo kwa mgongo, tunaegemeana. Tunapokezana upande, maana anayempa mzee kisogo hasikii vizuri. Si haba. Mbena ana mgongo mpana. Shida ni moja tu: mzee akianza lile goli, na ikiwa ni siku ya kahawa ya mtani, akafika pale kwenye kichwa, mtani anaanza kucheka, nami natikiswa mpaka meno.

"Tulia wewe!" namwambia. "Ukuta haucheki!"