Mshirika Alivyotusamehe

Nimefanya kazi ya uhasibu karibu maisha yangu yote. Nimepima mali za mashirika yaliyo hai na yaliyokufa. Lakini hadi leo nikimsikia mtu akisema mbele za watu kwamba amesamehe deni, moyo wangu hauyeyuki. Ninachojiuliza ni deni la kiasi gani, na nani amelihakiki.

Baba alikuwa mtu wa Kondoa aliyehamia Tunduma kufuata kazi ya usafirishaji. Yeye na mwenzake mmoja, mtu wa pwani, waliandikisha kampuni ndogo, nusu kwa nusu. Walikuwa na lori moja la kubebea kahawa na mahindi kutoka Hasamba na vijiji vingine vya Mbozi hadi stesheni, na siku nyingine lilipelekwa mpaka Mbangala huko, njia ya kuvunja springi. Baadhi ya wateja walikuwa watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, waliosafirishiwa mizigo kwa mkopo na kulipa kwa kwacha. Matairi nayo, kwa kuwa kwetu hayakupatikana hata kwa dawa, tuliyakopa huko huko Nakonde, na deni lake likawa la kwacha vilevile. Nyumba tuliyokaa, kando ya barabara kuu, ilijengwa kwa fedha ya kampuni. Mama aliuza vitenge na sufuria barazani kwake, na biashara hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha lori linapolala gereji.

Baba aliugua siku chache akafariki. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari na unga wa njano. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mchepuo wa biashara, nasubiri kwenda chuo, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo zangu ambao bado walikuwa shule ya msingi.

Kwa desturi yetu, kabla ya jeneza kunyanyuliwa, ndugu wa marehemu husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, naye anayedaiwa na marehemu ajijue. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tukisikiliza kupitia dirishani. Baba mkubwa, kaka yake baba aliyekuja kutoka Kondoa, ndiye aliyetangaza. Hakuna aliyejitokeza. Ndipo yule mshirika akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni: "Mimi na marehemu tulikuwa na ya kwetu. Chochote nilichokuwa namdai, nimemsamehe, duniani na akhera."

Wanawake waliokuwa ndani wakasema mashaallah. Mama alilia upya, safari hii kwa shukrani. Na baba mkubwa, mtu mwema kupita kiasi, Mungu amrehemu, akamshika mkono na kumwambia: "Mwenyezi Mungu akulipe, ndugu yangu. Umetutua mzigo."

Hakuna aliyeuliza ni mzigo gani. Ungeulizaje, maiti iko uani? Baba alikuwa hajawahi kumtajia mama deni lolote na huyo mtu. Lakini kwa lile "Mwenyezi Mungu akulipe", ukoo mzima ulikuwa umekubali mbele ya mji kwamba deni lilikuwepo. Namchukia mtu yule kwa mengi, ila kwa hilo la kuchagua wakati, nakiri alikuwa fundi.

Wiki chache baadaye alikuja kupima sehemu ya baba. Mama alikuwa eda, kwa hiyo alikaa nyuma ya pazia la chumbani nami nikakaa naye. Sebuleni walikuwa baba mkubwa na mshirika, basi. Mama alikuwa na ombi moja tu: apewe nyumba, lori na kazi vibaki kwa mshirika, watu waachane kwa heri. Nyumba ile ilikuwa chakula chetu. Bila baraza lake tungerudi Kondoa kukaa kwa watu.

Mshirika akaanza na lori. Alilipima kwa bei waliyolinunulia zamani, tena akaikata kila mwaka kwa uchakavu, mpaka likabaki bei ya baiskeli. Kila mtu Tunduma alijua kwamba wakati ule lori bovu linalotembea liliuzwa ghali kuliko lilivyonunuliwa jipya, kwa sababu mapya hayakuwepo. Mama akasema kutoka nyuma ya pazia, "Shemeji, lori hilo kuna mtu alikuja kuliulizia hapa hapa barazani. Bei aliyotaja siyo hiyo."

"Shemeji, hiyo ni bei ya walanguzi," akajibu kwa upole. "Unataka nilete bei ya magendo kwenye mali ya yatima? Watu wanafungwa."

Watu wa Nakonde waliokuwa wanatudai sisi kwa matairi, na wale tuliokuwa tunawadai kwa mizigo, wote walihesabiwa kwa kwacha. Kwacha tulizowadai watu akazigeuza shilingi kwa bei ya benki, ambayo ilikuwa ndogo kabisa. Kwacha tulizodaiwa akazigeuza kwa bei ya mpakani, mara kadhaa ya ile, kwa maelezo kwamba mwenye matairi hataki kusikia habari za benki. Sasa magendo yalikuwa halali. Halafu ikafika zamu ya nyumba. Mtu angedhani nayo itapimwa kama lori, kwa bei ya saruji na bati za mwaka ilipojengwa. Wapi! Nyumba iko barabara kuu, akasema, tena karibu na mpaka. Lazima ipimwe kwa bei ya leo. Kwa hesabu hiyo deni la matairi lilimeza karibu kila kitu, na sehemu ya baba iliyobaki haikukaribia bei ya nyumba.

Miaka mingi baadaye taaluma yetu ilikuja kuweka kanuni: mali ipimwe kwa bei ambayo mnunuzi asiyelazimishwa angempa muuzaji asiyelazimishwa, sokoni, siku hiyo hiyo ya kupima; na deni lipimwe kwa kile ambacho mtu angetaka alipwe leo ili alichukue likutoke. Nilipofundishwa hayo darasani nilicheka kwa uchungu, mwalimu akaniuliza kuna nini. Mama yangu aliyajua hayo nyuma ya pazia bila kwenda semina yoyote. Tena hakuyajua yeye tu, soko zima liliyajua. Tatizo letu halikuwa kutojua bei.

Maana mama alisema. Alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba kipimo kiwe kimoja, ama cha zamani kwa vyote ama cha leo kwa vyote. Baba mkubwa akakohoa, mtu wa hewala haigombi. Mshirika akasema: "Shemeji, mimi nimesamehe mengi. Kama tunataka kuhesabu kila kitu, basi na lile nalo tulirudishe mezani. Lakini ujue marehemu ndiye atakayelibeba."

Nilimwona mama akishika pindo la kanga yake na kulikunja mkononi. Kwetu sisi, roho ya maiti huning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Huwezi kuwaambia wafiwa jambo zito kuliko hilo. Nikamnong'oneza, "Mama, muulize ni kiasi gani." Akatikisa kichwa. Akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu tena: "Liache hapo hapo lilipo, shemeji. Tumeridhika."

Tulipewa fedha iliyotosha nauli ya treni na miezi michache ya unga. Barazani kwake mama, mke wa yule bwana alianza kuuza vitenge kabla eda haijaisha. Lori liliuzwa ng'ambo kwa bei ya walanguzi.

Kondoa tulipewa chumba kimoja uani kwa baba mkubwa. Chuo nilikwenda baadaye sana, kwa kujilipia, nikiwa karani. Mshahara wangu wa kwanza nilimpelekea mama wote, nikamkuta anatenga sehemu yake na kuifunga kwenye kitambaa. Nilidhani ni akiba. Wadogo zangu wakaniambia amefanya hivyo tangu tulipofika, hata kwa senti za maandazi: kila Ramadhani anatoa sadaka kwa ajili ya deni la baba, asije yule mtu akawa hakusamehe kwa moyo safi.

Nilikasirika, nikamwinulia sauti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. "Mama, hakukuwa na deni! Yule alilitunga uani pale, atule vizuri!"

Akaniangalia kwa utulivu. "Una hakika?"

Baina ya baba na mwenzake mambo yalikwenda kwa mdomo. Kutoka moyoni nilikuwa na hakika. Lakini aliyeniuliza alitaka kiapo, juu ya mtu aliyeko kaburini, nami sikuweza kuapa.

"Basi," mama akasema, akanipa kile kitambaa. Nikakipeleka msikitini.