Herufi Zilizoinama

Juzi, dukani Same mjini, kijana aliyekuwa akichapa ratiba ya mazishi ya mama alinionyesha mwandiko mwembamba wa kompyuta, herufi zimeshikana na kuinamia mbele. Nikasikia harufu ya tangawizi mbichi.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, mama alikuwa ametua mzigo wa tangawizi aliopanda nao mlima hadi kwetu, akakaa mlangoni kudarizi "Karibu Mgeni" kwenye kitambaa cha kochi. Uzi ulikuwa ukinasa kwenye vidole vyake vilivyopasuka.

"Mama, mbona herufi zimeinama?"

"Zinapanda mlima," alijibu bila kuinua macho.

Niliamini. Nilidhani watu wa tambarare huandika zilizosimama.

"Dada, zilizosimama zinasomeka vizuri zaidi," alisema kijana pale dukani.

"Jina la mama liache limeinama," nilimwambia. "Hakuwahi kupanda mlima wetu akiwa wima."