Twiga wa Zimamoto

Kwa watu wengi harufu ya udi ni harufu ya harusi. Kwangu mimi ni harufu ya gari la zimamoto. Juzi nilipita Kariakoo, mwenye duka mmoja alikuwa amefukiza udi mlangoni, nami nikasimama katikati ya njia nikitabasamu peke yangu mpaka msukuma mkokoteni akaniuliza kama nimepotea. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa Guangzhou, Uchina, ghorofa ya nne, nina miaka tisa na kamera mkononi.

Kamera yenyewe ilikuwa sampuli. Mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Mbeya. Alfajiri alikuwa soko la Shahe, mchana soko la Shisanhang, na alasiri alirudi na mifuko myeusi mikubwa kuliko yeye. Siku moja laobani wake, ndivyo tulivyowaita mabosi wa maduka kule, alimpa kamera ndogo ya rangi ya fedha ambayo taa yake ilikuwa imekufa. Mama akanipa mimi ili nimwache apumzike. Nilikuwa nimepelekwa kwake baada ya bibi aliyenilea kufariki, shule sikuwa nayo, na siku nzima nilishinda ndani na Bi Salma, mama wa Kiunguja tuliyepanga naye nyumba. Bi Salma alinifundisha hesabu asubuhi na umbea wa soko la Liuhua mchana. Hesabu nimezisahau.

Dirisha la sebuleni lilitazama barabara, na ng'ambo yake ua wa kituo cha zimamoto. Ndugu msomaji, kama hujawahi kuyatazama magari ya zimamoto yakioshwa, una deni na macho yako. Vijana waliyasugua mpaka matairi, maji yaliyoakisi wekundu wa gari yakitiririka sakafuni, vyombo vya shaba viking'aa, na baada ya hapo wakayapanga kwa mstari kama watoto wanaokwenda kipaimara. Niliyapiga picha yote, kila siku, yakitoka na yakirudi. Niliyapa majina pia. Jipya lilikuwa Bibi Harusi. Kuukuu, lililokohoa moshi kabla ya kuwaka, lilikuwa Babu. Lenye ngazi ndefu mgongoni lilikuwa Twiga, na huyo ndiye niliyempenda. Niliijua milio yao hata nikiwa bafuni. King'ora cha Twiga kilianza chini, kikapanda taratibu, kikasita kidogo juu kabisa.

Mama hakuona maana yoyote. Alisema watoto wa wenzake wanapiga picha maua, mimi namjazia nyumba malori. Hata hivyo aliniachia, kwa sharti moja tu, kwamba pazia lisifunguliwe kuzidi upana wa kamera. Aliniambia jua litapausha sampuli zilizotundikwa ukutani. Nilimwamini, maana sampuli zilikuwa nyingi kweli.

Ilikuwa miaka ile ya misako. Polisi walikagua pasipoti barabarani, sokoni, hata kwenye ngazi za majengo, na viza ya mama ilikuwa imeisha. Nililijua hilo kama nilivyojua kwamba babu yangu kule Mbeya ana presha, yaani ni jambo la watu wazima ambalo halizungumzwi wakati wa chakula. Nilichokijua vizuri ni sheria ya nyumba. Mgeni wetu hupiga simu kwanza. Mlango ukigongwa bila simu, feni inazimwa, ndala zinashikwa mkononi, na hakuna anayepumua kwa sauti. Mama akikamatwa angefungiwa, kisha angerudishwa nyumbani, na mimi sikujua ningebaki na nani. Swali hilo sikumwuliza mtu, lakini nilikuwa nalala nalo.

Alhamisi moja, alasiri, mama alikuwa amerudi mapema na Bi Salma alikuwa amefukiza udi kama kawaida yake kila Alhamisi. Mama, Mlutheri asiyependa moshi, alilalamika kwamba leo udi umezidi, unamwasha koo. Bi Salma akajibu kwamba udi haujapata kumwua mtu. Mama akalalamika tena, kwamba huu hata haunukii vizuri. Bi Salma akanuna, na walipokuwa wamenuniana hivyo, ving'ora vikalia.

Vililia karibu sana, vikakatika chini ya jengo letu. Muda mfupi baadaye tukasikia mabuti kwenye ngazi, mabuti mengi, na milango ikipigwa ghorofa moja baada ya nyingine. "Kaimen! Kaimen!" Fungua, fungua.

Bi Salma akazima feni. Mama akavua ndala moja, nyingine akaisahau mguuni, akaenda jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amekwisha kufungua dirisha na kupitisha mguu mmoja nje, akitafuta kwa kidole kile chuma kilichobeba mashine ya kiyoyozi. Chini yake palikuwa na ghorofa nne na zege tupu. Bi Salma alimkamata kanga kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akimnong'oneza kwamba atakufa, mwanangu utakufa. Sijapata kuogopa hivyo tena maishani, na nimezaa watoto wawili.

Sijui kwa nini nilikimbilia sebuleni. Nadhani macho yangu yalikuwa yamezoea, king'ora kikilia ni lazima niende dirishani. Nikachungulia penye upenyo wangu, na hapo barabarani, ngazi ikianza kunyooka, alikuwa Twiga. Babu naye alikuwa nyuma, akikohoa.

Nikarudi jikoni mbio. "Mama, si polisi," nikasema. "Ni zimamoto. Ni Twiga na Babu."

"Una hakika?"

"Nimewaona, na niliwasikia. King'ora cha polisi hakisiti pale juu."

Mama alinitazama. Mguu mmoja ulikuwa ndani, mmoja nje, na mlango ulikuwa unapigwa sasa kama unataka kung'oka. Halafu akaurudisha mguu ndani, akashusha kanga yake, akaenda kufungua.

Moshi uliingia kabla ya watu. Bohari ya mifuko ya plastiki ya ghorofa ya chini ilikuwa inaungua, na sisi tulikuwa tumeusingizia udi wa watu. Zimamoto wawili waliingia, mmoja akaona chetezo cha Bi Salma kinafuka, akakitumbukiza kwenye beseni la vyombo kwa ushujaa mkubwa. Bi Salma alikilalamikia chetezo hicho ngazi zote mpaka chini. Kuhusu mama, nitasema tu kwamba sijapata kuona mtu akifurahi namna ile kuambiwa nyumba yake inaungua. Alicheka akishuka, akakohoa, akacheka tena, mkono wake ukiwa umenibana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

Barabarani polisi walikuwepo, tena wengi. Walikuwa wakisogeza watu wasikanyage mipira ya maji. Mmoja alimgusa mama bega, kumbe anamwomba arudi nyuma kidogo asiloane. Moto ukazimwa kabla ya magharibi. Hakuna aliyeumia, na nguo zetu zilinuka plastiki kwa siku nyingi. Wiki tatu baadaye mama alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya polisi, akamaliza mambo ya viza yake, tukapanda ndege kurudi nyumbani. Ndege ilipoinuka alilala kama mtoto, mdomo wazi, mpaka tulipotua.

Kwa miaka mingi nilijipiga kifua kwa hadithi hii. Masikio yangu ndiyo yaliyotuokoa, niliwaambia shuleni, kwayani, kazini, na hatimaye mume wangu, ambaye sasa huimalizia mwenyewe.

Mwaka jana mama alikuja kwangu, nikamwonyesha zile picha kwenye kompyuta. Zilikuwa mia na kitu. Tulipozitazama zote pamoja ndipo nilipogundua kwamba kila picha ina ukanda mweusi upande mmoja. Ni pazia. Nikamwuliza kama kweli jua lile lingepausha sampuli. Akacheka, akasema dirisha lile halikuwahi kupata jua hata siku moja.

Picha ya mwisho tu ndiyo haina ukanda. Niliipiga siku ile ya moto, tukiwa barabarani. Mama amesimama mbele ya gari, kanga imeloa, ndala ni moja, anacheka. Nikamwambia, kwa majivuno yangu ya siku zote, kwamba siku ile aliyaamini masikio yangu.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Kwangu mimi ving'ora vyote ni kimoja. Lakini nilisema moyoni, kama ni polisi, watanichukua mimi. Kama ni moto, utakuchukua wewe. Nikafungua."

Mama akavaa miwani yake, akainama karibu na picha, akaniuliza katika magari yale Twiga ni yupi. Pichani alikuwa amemwegemea huyo huyo.