Mapengo Mawili ya Mume Wangu

Mwanangu alipokuwa na miezi mitano alishikwa na homa na kuhara. Mama mkwe akamfunua mdomo, akapitisha kidole kwenye ufizi, akatoa hukumu.

"Meno ya plastiki hayo. Yasipotolewa, mtoto haponi."

Kuna bibi huko Gongo la Mboto anayatoa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Nikauliza kama huwa anaichemsha. Nikajibiwa anaiombea dua.

"Msikilize mama," mume wangu akasema. "Hata yangu aliyatoa bibi huyohuyo."

Asubuhi nikambeba mtoto mgongoni hadi kwa daktari wa meno. Sikuaga mtu.

Nikamweleza daktari habari ya bibi na ya mume wangu. Yule dada hakuwa na haraka. Alifuta ufizi kwa kipande cha bandeji, anataja, nesi anaandika. "Uvimbe. Si kidonda, si lengelenge. Sehemu mbili, chini, kulia na kushoto. Mweupe, haufutiki. Mgumu. Kama punje ya mchele. Hakuna usaha."

Kwetu hayo yote ni neno moja, plastiki, halafu yanachokonolewa.

"Ni chonge zake, bado zimo ndani," akaniambia. "Kuhara ni ishu nyingine, tutampa zinki na maji ya chumvichumvi. Baba yake ana chonge za chini?"

Nikafikiri. Miaka mitatu ya ndoa.

"Hana."

"Haya."

Nikamwomba aniandikie yote kwa Kiswahili, herufi kubwa.

Kurudi nyumbani, bibi wa spoku keshafika, amekaa kwenye mkeka wangu anakunywa chai yangu. Nikamwamkia shikamoo, nimelelewa. Kisha nikasoma karatasi mwanzo hadi mwisho.

"Karatasi hailei," mama mkwe akasema. "Mie nimelea sita."

Nikamwambia mume wangu afungue mdomo. Akagoma. Nikamtazama. Akafungua. Nikawasha tochi ya simu, nikataja kama yule daktari: "Mapengo. Mawili. Chini, kulia na kushoto. Ufizi una kovu. Hakijaota kitu."

"Si alipona?" mama mkwe akauliza.

"Alipona kuhara, mama. Hata wangu ataacha kuhara. Na meno atabaki nayo."

Bibi naye akasogea, akachungulia. Nadhani hakuwahi kuiona kazi yake ikiwa na ndevu. Akakunja kitambaa chake na spoku ndani, akasema atapita siku nyingine.

"Usipite," nikamwambia.

Mtoto alikuwa ananyonya. Sikumtoa titini mpaka niliposikia geti likifungwa nyuma ya bibi.