Mkeka wa Nyuma ya Nyumba

Kila alfajiri, kabla ng'ombe wachache waliobaki nyumbani hawajafunguliwa, Bibi Sabdio alisikia mguu ukiburutwa nyuma ya nyumba. Ulianzia kwenye ua wa miiba, ukaja polepole hadi kando ya mkeka aliolalia, ukakoma. Hakugeuka kutazama. Aliujua mguu ule tangu utotoni. Ulikuwa wa mama yake, Kadra, aliyezikwa ng'ambo ya mto Tana zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Hapo kijijini, kijiji cha wafugaji Waorma kilicho mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Idsowe, hakuna aliyemwuliza kwa nini analala nje ilhali ndani ya nyumba ya mwanawe Abduba mna kitanda. Walijua. Juu ya kifundo cha mguu wake wa kushoto palikuwa na kidonda cha miaka saba. Kilianza mwaka wa mafuriko makubwa, 2018, mto ulipoiacha njia yake nao wakahama wakiyakata maji ya kiunoni. Mwiba wa mti wa mathenge ukamchoma humo majini. Mwiba ulitolewa siku ileile, kidonda kikabaki.

Maumivu aliyazoea. Alichoshindwa kukizoea ni harufu, kwa sababu aliishi kati ya watu wa maziwa, na maziwa hushika harufu ya kila kilicho karibu nayo. Ndiyo maana wanawake wao hufukiza vibuyu: hutia makaa ya mti wenye harufu nzuri ndani ya kibuyu, wakatikisa, wakafunika, kisha wakasugua kwa ufagio mdogo wa nyuzi za mkoma kabla ya kukamua. Zamani, wakati malisho yalipokuwa hayana mipaka, wapita njia wa kutoka Garsen walikuwa wakiuliza, "Maziwa ya Sabdio yapo?" Walikuwa tayari kungoja.

Kisha, mwaka wa kwanza wa kidonda, mkaza mwanawe Abdia alikitwaa kibuyu mikononi mwake kwa upole. "Mama, pumzika. Nitafukiza mimi." Sabdio akakiachia. Juma lile Sabdio alitoa mkeka wake nje, na hakuna aliyemwambia autoe.

Mwaka huu mjukuu wake Hamdia akaposwa. Katika ukoo wao, bibi ndiye anayemfukizia bi harusi kibuyu chake cha kwanza na kumtilia maziwa, naye bi harusi hunywa mbele ya wanawake wote kabla hajatoka nyumbani kwao.

"Ako," Hamdia alisema siku moja, kwani ndivyo alivyomwita bibi yake, "kibuyu changu utakifukiza wewe."

"Mama yako hana mikono?"

"Mama anaunguza. Maziwa yake yana ladha ya jiko la mkaa."

"Nakusikia, weye!" Abdia alipaza sauti kutoka ndani. "Utakwenda kwa mumeo ukanywe chai ya rangi!"

Wakacheka wote watatu. Lakini Hamdia alipoondoka, kicheko kilimkauka Sabdio mdomoni, maana alikumbuka kikombe.

Alikuwa na umri wa miaka tisa. Shangazi zake walikuwa wamekuja kuwatembelea, na mama yake, ambaye naye alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu, alimpa kikombe cha maziwa mbele ya wageni. Mtoto alitia pua ndani ya kikombe, akageuza uso, akasema, "Yananuka wewe." Shangazi walitazama chini. Hakuna aliyemkaripia. Kesho yake Kadra aliuchukua mkeka wake akautandika nyuma ya nyumba, na hakulala tena ndani hadi alipokufa.

Kwa hiyo Sabdio hakuogopa kwamba Hamdia angekataa. Hamdia alikuwa na adabu. Aliogopa kwamba angekunywa huku ameizuia pumzi yake.

Ilikuwa imebaki miezi miwili. Kila aliyepata kukitazama kidonda kile, awe mganga, jirani au muuguzi, alimwambia neno moja: kikikauka, umepona. Nchi nzima ikiomba mvua, yeye aliomba ukavu. Aliuanika mguu juani saa sita mchana. Alifungua vidonge vya dawa vya rangi mbili akanyunyizia unga wake kidondani. Mwishowe akachota majivu ya makaa ya kufukizia vibuyu, akayajaza kidondani, akifikiri kwamba kilichoyapa maziwa utamu hakitaidhuru nyama. Siku ya nne hakuweza kusimama.

Hamdia alimpakia kwenye bodaboda, wakaenda zahanati moja upande wa Garsen. Muuguzi pale aliitwa Mwaro, Mpokomo wa Kulesa, wa jamii ya wakulima wa kando ya mto, mtu wa makamo ambaye wagonjwa wote walimwita daktari. Sabdio alikuwa amejifunza kutazama pua za watu kabla ya macho yao. Pua ya Mwaro haikutikisika.

"Mama Abduba, hapa umetia nini?"

"Majivu."

"Ya nini?"

"Kikauke. Si nyinyi mliosema? Kila daktari aliyekiona alisema kikauke."

Mwaro alikiinamia kidonda. "Tulisema," akakubali. "Tulikosea neno. Nyama mpya ni kama mche wa mpunga, mama."

"Usiniletee habari za mashamba. Mimi si mla ndizi kama wewe. Niambie za ng'ombe."

"Haya, mama wa ng'ombe. Kiangazi kikizidi, Abduba huwapeleka wapi wanyama?"

"Chini, kwenye delta. Huko ardhi bado ina unyevu, majani yanaota."

"Huwatia kwenye maji ya shingo?"

"Wazame?"

"Basi. Kidonda chako kinataka hivyohivyo. Si kiangazi, si mafuriko. Unyevu wa kiasi."

Akaosha majivu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akaondoa nyama iliyokufa, akapapasa juu ya wayo kutafuta mapigo ya damu. Aliporidhika, aliweka kitambaa safi kidondani, akatoa bandeji pana inayovutika, akaanza kuuviringa mguu kutoka vidoleni kwenda gotini.

"Hapo umelegeza," Sabdio alisema.

Mwaro akainua uso.

"Hapo kwenye kifundo. Ningefunga nyumba hivyo, ingeanguka."

Mwaro akaifungua bandeji, akampa. Tangu ujana Sabdio alikuwa amepinda fito na kuzifunga kwa kamba, kwani kwao nyumba hujengwa na wanawake, na vidole vyake vilijua palipo kati ya kukaba na kulegea. Alipomaliza, Mwaro alipitisha kidole chini ya bandeji, akaminya kucha za miguu kuona kama damu inarudi.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Na yeye miguu yake ilikuwa ikivimba?"

"Ilivimba, na kidonda papa hapa." Alinyoosha kidole akagusa mahali palipofungwa.

"Basi ni mishipa," Mwaro alisema polepole. "Inashindwa kuipandisha damu. Hupita katika familia, kama urefu. Si laana, wala si uchafu. Siahidi kwamba kitafunga kabla ya harusi. Huenda ikachukua mwaka, huenda kikafunga na kufunguka. Lakini harufu tutaitoa."

Mtu mwingine angefarijika. Sabdio aliondoka na wazo moja tu: kwamba Kadra alikuwa na kamba mikononi maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia kuwa mguu nao hufungwa.

Kila juma alirudi. Nyumbani alichemsha maji, akafunga mguu wake mwenyewe, akaulaza juu ya ngozi iliyokunjwa. Juma la sita nzi walimwacha, na Abdia akaja nyuma ya nyumba, macho chini. "Mama, rudi ndani. Nimekosa."

Akarudi, lakini alisikia harufu. "Wasikia?" alimwuliza Abdia. "Sisikii kitu, mama." Alimwuliza Hamdia, akawauliza majirani hadi wakachoka. Mwaro naye alipoulizwa akasema, "Kidondani imetoka. Hiyo uliyobaki nayo, mama, siijui dawa yake."

Asubuhi ya harusi wanawake waliijaza nyumba. Sabdio alitia makaa kibuyuni, akatikisa, akafunika, akangoja, akasugua. Mikono ilikumbuka. Alipokuwa akimimina maziwa, mguu uliburutwa nje, mchana mweupe, ukakoma upande wa pili wa ukuta wa mikeka.

Hamdia alipokea kibuyu. Hakunywa mara moja. Alitia pua kwenye mdomo wa kibuyu akakaa hivyo. Sabdio aliitazama pua ile. Kisha Hamdia akavuta pumzi ndefu, akanywa mafunda matatu badala ya moja, akainua uso wenye weupe wa maziwa mdomoni.

"Yananukia wewe, Ako."

Vigelegele vikapasuka. Katikati ya kelele zile Sabdio aliyamimina maziwa yaliyobaki kwenye kikombe, akapenya kati ya wanawake, akatoka nyuma. Mkeka wake wa miaka saba ulikuwa bado pale. Alikuwa amekusudia kuukunja siku hiyo. Akakaa kwenye ukingo wake, akanywa kikombe chote bila kukinusa.

Alingoja asikie mguu wa mama yake ukiondoka. Haukuondoka.

Basi hakuukunja mkeka. Aliukung'uta vumbi, akautandika upya, akarudi ndani kwa watu.